Nyumba Mpya na Bili ya Umeme: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaojenga Pwani ya Tanzania

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayejenga nyumba ya familia Dar es Salaam, Kibaha, Bagamoyo, Tanga, Lindi au Mtwara, kwenye joto na unyevu wa pwani. Walio mikoa ya baridi wana swali lao huko chini. Kazi yangu ni kuchora ramani na kusimamia ujenzi, na kila mteja ninamweleza jambo hili kabla hajachimba msingi: pesa utakayolipa LUKU mwaka hadi mwaka inaamuliwa na ramani na paa kuliko inavyoamuliwa na taa utakazonunua.

Nyumba yangu ni mpya. Si itatumia umeme mdogo kuliko za zamani?

Si lazima. Vifaa ndiyo vimeboreka: taa ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60, na friji la inverta, lenye mota inayojipunguza kasi yenyewe, halingurumi usiku kucha. Lakini kuta na paa za nyumba nyingi zinazoota sasa Goba, Madale, Kigamboni na Chanika zinapokea jua kuliko nyumba za enzi za Waingereza zilizobaki Oysterbay, zenye baraza pana, dari za juu na miti iliyoachwa isimame. Nyumba ya zamani ilijengwa na watu waliojua kwamba hakuna kiyoyozi cha kuwaokoa. Sisi tunajenga tukijua tutafunga AC, kisha tunashangaa uniti zinavyoyeyuka.

Umeme wa nyumbani unakwenda wapi hasa?

Tufanye hesabu, maana bila hesabu watu huhangaika kuzima taa huku hita ya bafuni ikimaliza kila kitu. Ninatumia bei ya EWURA, mamlaka inayopanga bei ya umeme, iliyoanza Aprili 2016 kwa matumizi ya kawaida, yaani shilingi 292 kwa uniti (wati 1,000 zikitumika kwa saa nzima). Ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, uniti moja inafika kama shilingi 356.

Shawa ya umeme inayochemsha maji papo hapo huvuta kama wati 5,000. Mtu mmoja akioga dakika 10 ametumia uniti 0.8. Familia ya watu watano, kila mtu mara moja kwa siku, ni zaidi ya uniti 4 kila siku, uniti 125 kwa mwezi, kama shilingi 44,500. Hiyo ni kuoga tu.

AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) chumbani, ikivuta kwa wastani uniti 0.7 kwa saa na kuwaka kwa muda wa saa 8 kila usiku, inakula uniti 168 kwa mwezi. Karibu shilingi 60,000 kwa chumba kimoja. Pangaboi la wati 70 likizunguka saa 10 kila siku linakula uniti 21, shilingi 7,500 hivi. Friji la kawaida la nyumbani linalotumia kama uniti moja kwa siku litakugharimu karibu shilingi 10,700. Taa nane za LED za wati 9, saa 5 kila usiku, ni uniti 11 kwa mwezi.

Ukizitazama hizo namba utaona kwamba kinachokula pesa ni kupoza na kupasha. Kwa hiyo nyumba isiyohitaji kupozwa sana ndiyo nyumba ya gharama nafuu, na hapo ndipo fundi na mchoraji wanapoingia.

Nyumba ielekee wapi?

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua linakuwa karibu utosini mwaka mzima: mwezi Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini kidogo. Asubuhi na jioni linakuja chini, likitokea mashariki na kuzama magharibi, na jua hilo la chini halizuiliki na paa. Ndiyo maana ukuta wa magharibi saa kumi jioni unaunguza mkono, na usiku saa tatu bado una joto.

Basi laza nyumba kwa urefu wake kutoka mashariki kwenda magharibi, ili kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini. Kuta fupi ndizo zitazame mashariki na magharibi, na zisiwe na madirisha makubwa. Upande wa magharibi weka stoo, bafu, ngazi au gereji, vyumba ambavyo hakuna anayelala humo.

Kuna faida ya pili ambayo watu wa pwani wanaijua bila kufundishwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia karibu Desemba hadi Machi, wakati wa joto kali. Kusi hutoka kusini mashariki katikati ya mwaka. Nyumba iliyolazwa hivyo inapokea pepo zote mbili kwenye madirisha yake makubwa. Kazi hii yote haiongezi hata mfuko mmoja wa sementi.

Kiwanja changu ni chembamba na barabara iko magharibi. Nifanyeje?

Hili ndilo swali la wengi, kwa sababu viwanja havikupimwa kwa kufuata jua. Usilazimishe sebule itazame barabara kwa ajili ya wapita njia. Mlango na geti vinaweza kuwa magharibi huku sebule ikifungua madirisha yake kaskazini, kwenye ua wa pembeni. Kama lazima upande wa mbele uwe magharibi, weka baraza pana lenye nguzo, kisha panda kitu: mti wa kivuli, mimea ya kutambaa kwenye fremu ya nondo, hata migomba wakati mti unakua. Mwarobaini unakua haraka na hauhitaji kumwagiliwa sana ukishashika. Na usizibe ua wote kwa pevingi. Pevingi inayopigwa na jua mchana inarudisha joto dirishani hadi usiku.

Paa lina uzito gani katika jambo hili?

Paa ndilo kila kitu katika nyumba ya chini isiyo na ghorofa. Adhuhuri isiyo na mawingu, kila mita ya mraba ya paa inapigwa na nguvu ya jua inayokaribia wati 1,000. Nyumba yenye paa la mita za mraba 150 inapokea kilowati 150, sawa na shawa za umeme thelathini zilizowashwa kwa pamoja juu ya vichwa vyenu. Swali ni kiasi gani kinashuka hadi kitandani.

Cha kwanza ni rangi ya bati. Bati jeusi, la kijivu kizito au la maruni linafyonza sehemu kubwa ya jua na linaweza kupita nyuzi 60 za joto. Bati jeupe au la krimu linarudisha sehemu kubwa angani. Kwa wauzaji wengi bei hubadilika kwa geji (unene wa bati) kuliko kwa rangi, kwa hiyo unachagua ubaridi bila kulipia. Ninaelewa kwamba mtaani kwako wote wameezeka rangi ya kahawa au nyeusi na unataka kufanana nao. Hata hivyo, ukiniuliza jambo moja tu la kubadilisha kwenye nyumba nzima, nitasema rangi ya bati.

Cha pili ni hewa ndani ya kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba bati. Joto lililonaswa kati ya bati na dari lisipopata njia ya kutoka litashuka kupitia jipsamu. Acha matundu yenye wavu chini ya paa, nyuma ya fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa), na njia ya kutokea juu karibu na kofia ya paa au kwenye pembetatu za ukuta wa mwisho. Hewa ya moto itapanda yenyewe na kutoka.

Cha tatu ni karatasi ya fedha inayorudisha joto, inayotandazwa chini ya bati kabla ya kupaua. Sharti moja: upande unaong'aa uwe na nafasi ya hewa mbele yake. Mafundi wengine huibana kati ya bati na mbao bila nafasi yoyote, na hapo inabaki kuwa karatasi ya kuzuia matone. Anayetaka zaidi aweke magodoro ya sufi ya mwamba (nyuzi za kuzuia joto) juu ya dari ya vyumba vya kulala. Si lazima nyumba nzima.

Cha nne ni kipaa kinachotokeza nje ya ukuta. Desemba, adhuhuri, kipaa cha sentimita 60 upande wa kusini kinatoa kivuli cha mita 2 kwenda chini ukutani, kinatosha kabisa. Upande wa kaskazini jua la Juni liko chini zaidi, kwa hiyo sentimita 60 hizo hizo zinakupa mita moja tu. Ukitokeza sentimita 90 unapata mita moja na nusu, na dirisha zima linakaa kivulini.

Lakini mimi nataka paa la kuficha, la kisasa.

Nitasema wazi: kwa pwani yetu silipendekezi. Ukuta unaopanda juu kuficha bati unaondoa kipaa, kwa hiyo kuta zote nne na madirisha yote yanabaki bila kofia mbele ya jua na mvua. Mtaro wa ndani ukiziba kwa majani, maji yanaingia kwenye dari. Na kwa kuwa bati halionekani, watu huweka la bei ya chini lisilo na rangi yoyote, likachakaa haraka.

Kama moyo umeshaamua, basi lipa gharama yake kwa uaminifu: weka vibao vya zege juu ya kila dirisha vitokeze angalau sentimita 60, acha matundu ya hewa kwenye ukuta unaoficha paa, weka karatasi ya fedha na sufi, na rangi nyeupe juu ya bati ingawa hakuna atakayeiona. Ukiondoa hayo ili kupunguza bajeti, utayalipa kwa AC.

Wazee wa pwani walijenga kuta nene za mawe na nyumba zao zina ubaridi. Nijenge kuta nene?

Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita hivi, na ni kweli mchana ndani kuna ubaridi. Lakini tazama kilicho nje ya ukuta. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba jua haligusi kuta kwa muda mrefu. Nyuso zimepakwa chokaa nyeupe. Katikati kuna kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, unaoingiza mwanga na kutoa hewa ya moto. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziwezi kuvuka upana mkubwa, kwa hiyo hewa inapita kirahisi. Ukuta mnene ni sehemu moja tu ya mpango mzima.

Ukichukua unene peke yake ukauweka katikati ya kiwanja kisicho na mti, ukuta utafyonza jua mchana kutwa na kulitoa usiku chumbani, wakati ambao pwani hewa ya usiku haipoi sana. Tofali la sementi la inchi 6 lenye kivuli lina faida kuliko ukuta wa nusu mita ulio juani. Kwa hiyo chukua kwa wazee kivuli, rangi nyeupe na njia ya hewa. Hivyo ndivyo vinavyohamishika.

Tofali gani linaokoa zaidi?

Kwa joto la ndani, tofauti kati ya tofali la sementi, la kuchoma na la kufungamana si kubwa kama tofauti ya kivuli na rangi. Kwa gharama ya ujenzi, tofali za kufungamana zilizohamasishwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi zinapunguza sementi, kwa kuwa hazihitaji udongo mwingi wa kuungia na unaweza kuacha plasta ya nje. Tofali la kuchoma kwa kuni ningeliacha, kwa ajili ya miti.

Madirisha ya alumini ya kusukuma yana ubaya gani?

Yanafunguka nusu tu. Ukilipia dirisha la mita 1.5, hewa inapata sentimita 75, na wavu wa mbu unapunguza tena. Dirisha la bawaba linafunguka lote. Vioo vya nako, vile vipande vinavyoinama kwa pamoja, navyo hufunguka karibu vyote na hata mvua ndogo ikinyesha unaweza kuacha hewa ipite. Wengi wanaviona vya kizamani, lakini chumbani ni msaada mkubwa.

La maana zaidi ni kwamba hewa ikiingia lazima ipate pa kutokea. Chumba chenye dirisha upande mmoja na mlango uliofungwa usiku hakina upepo, hata dirisha liwe kubwa namna gani. Weka madirisha kwenye kuta mbili. Ikishindikana, weka tundu lenye wavu juu ya mlango, au safu ya tofali za matundu chini ya lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) upande wa korido. Pangaboi likizunguka kwenye chumba chenye hewa inayopita, usiku mwingi wa mwaka AC haitawashwa.

Nikilazimika kuweka AC, ya BTU ngapi?

Chumba cha mita 3.5 kwa 4 chenye dari nzuri na kuta zenye kivuli kinatoshwa na BTU 9,000. Chumba hicho hicho chini ya bati jeusi, kikiwa na dirisha la magharibi, wauzaji watakushauri BTU 18,000, na watakuwa sahihi kwa hali hiyo. Tofauti ya bei ya mashine peke yake ingenunua karatasi ya fedha ya chumba.

Chagua ya inverta. Weka nyuzi 25 au 26 na washa pangaboi pamoja nayo. Kuweka 16 hakupozi chumba haraka, kunafanya tu mashine isipumzike. Kifaa cha nje kiwekwe kivulini. Chumba chenye AC ndicho peke yake kinachohitaji kuzibwa nyufa, na hapo nako yangu ninayoisifu haifai: weka dirisha la bawaba lenye mpira.

Na maji ya moto?

Jiulize kwanza kama unayahitaji. Maji yaliyokaa kwenye tangi jeusi juani Dar es Salaam yanatoka ya vuguvugu jioni, na kwa watu wazima wengi yanatosha. Wenye watoto wachanga, wazee au wagonjwa wanahitaji zaidi. Lita 100 kutoka nyuzi 25 hadi 45 zinahitaji uniti 2.3 za umeme, na jua linaweza kuzitoa zote bure kupitia hita ya sola ya paani.

Hata kama huna pesa ya hita sasa, pitisha bomba la maji ya moto ukutani kabla ya plasta, na imarisha kenchi mahali tangi litakapokaa. Kubomoa vigae baadaye ndiko kunakowakatisha watu tamaa. Na tangi kuu la maji liinuliwe kwenye mnara ili maji yashuke yenyewe, usije ukategemea pampu ya presha inayowaka kila mtu anapofungua koki.

Je, nifunge sola ya umeme tangu mwanzo?

Punguza mahitaji kwanza, kisha nunua sola ndogo. Kilowati moja ya paneli hapa pwani inatoa takribani uniti 4 kwa siku. Nyumba inayokula uniti 5 kwa siku na inayokula 15 zinahitaji mifumo ya bei tofauti kabisa, hasa kwenye betri. Paneli zitazame kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hivi, ili mvua izioshe. Uliyelaza nyumba mashariki kwenda magharibi tayari una upande mrefu wa paa unaotazama huko. Acha bomba tupu la waya kutoka paani hadi kwenye swichi kuu, na mwambie fundi umeme atenganishe njia za taa, friji na televisheni na zile za AC na hita, ili sola ije ibebe kundi la kwanza.

Kupika kwa umeme si ni ghali?

Inategemea jiko. Jiko la koili lililowashwa kwa muda wa saa tatu kuchemsha maharage ni hasara. Jungu la presha la umeme linaivisha maharage kwa takribani nusu uniti, chini ya shilingi 200. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, kwa hiyo nyumba unayojenga leo iandae jiko kwa hilo: soketi zenye njia yake, waya wa unene unaofaa, dirisha la kutoa mvuke.

Nikikaa chini ya uniti 75 napata nini?

Kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, kabla ya kodi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi. Ni kundi la watumiaji wadogo, na ukizidisha mara kwa mara unahamishiwa kundi la kawaida. Nyumba ndogo yenye LED, friji moja, pangaboi mbili na bila shawa ya umeme inaweza kukaa humo. Yenye AC haiwezi.

Bwawa la Julius Nyerere linatoa megawati 2,115. Umeme si utashuka bei tu?

Bwawa limeongeza umeme kwenye gridi, jambo la kushukuru. Bei kwa mteja hupangwa na EWURA, na haifuati moja kwa moja kuwashwa kwa mtambo. Nyumba yako haibadiliki kwa kuwa nchi ina umeme mwingi, na siku umeme ukikatika, chumba chenye kivuli na hewa kitaendelea kulalika.

Ninajenga Njombe, Mbeya au Arusha. Haya yananihusu?

Nusu yake. Kwenu Juni na Julai ndiyo tatizo, na jua la miezi hiyo liko kaskazini. Kwa hiyo madirisha makubwa ya sebule na vyumba yatazame kaskazini na yaruhusiwe kupokea jua, bila kipaa kirefu. Ukuta mnene kwenu unafaa kweli, kwa sababu mchana na usiku vinatofautiana sana. Zibeni nyufa za milango, wekeni dari yenye sufi, na hita ya maji ya sola iwe kwenye bajeti ya msingi, maana ndiko inakookoa pesa kuliko mahali pengine popote.

Ninanunua nyumba iliyokwisha jengwa. Muuzaji anasema ni ya kijani. Nimuulize nini?

Muulize kama ina cheti cha EDGE. Hicho kinasimamiwa na IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia, na jengo lazima lioneshe upungufu wa angalau asilimia 20 katika nishati, maji na athari za kutengeneza vifaa vyake kwa mazingira, likilinganishwa na jengo la kawaida la eneo hilo. Nairobi, kampuni ya Acorn iliuza hatifungani ya kijani mwaka 2019 kujenga hosteli za wanafunzi zenye cheti hicho. Programu ya kukokotoa ni bure, na mchoraji wako anaweza kuitumia.

Kama hakuna cheti, nenda ukaione nyumba saa tisa alasiri, AC zikiwa zimezimwa. Gusa dari ya chumba cha kulala. Fungua madirisha usikie kama kuna upepo. Omba kuona manunuzi ya LUKU ya miezi kadhaa kama kuna anayeishi humo.

Boma langu limeshasimama na bati jeusi liko juu. Nimechelewa?

Hapana, ila panga foleni. Anza na rangi nyeupe ya kuakisi juu ya bati, inayopakwa baada ya kuosha vumbi vizuri, wakati wa kiangazi. Kabla ya kufunga dari, tandaza karatasi ya fedha chini ya mbao za kenchi na toboa matundu ya hewa kwenye fisha bodi. Kisha vivuli vya dirisha za magharibi, kwa zege, mabati au fremu ya mimea. Panda miti mvua za masika zikianza. Milango ya ndani bado haijafungwa? Mwambie fundi aache nafasi ya tundu la hewa juu ya kila fremu, kwa sababu baada ya plasta hatakubali kwa bei hiyo hiyo.